Genova hadi Palermo: mwenye mizigo apande meli, mwenye haraka ndege, na treni usife hujaipanda

Kama unaishi Liguria, mkoa wenye Genova huku kaskazini ya Italia, na una mtu wako Palermo, kisiwani Sicilia, panda meli. Nimeliweka hilo juu kabisa ili aliye na shughuli zake alichukue aende akakate tiketi. Aliye na nafasi akae, kwa sababu njia za kutoka huku juu kwenda Sicilia ni kadhaa, kila moja ina watu wake, na wengi hukata tiketi isiyowafaa kwa kutazama bei peke yake.

Mimi ni mtu wa Malindi. Waitaliano nimewazoea tangu utoto, maana wako kwetu tangu miaka ya sitini, enzi roketi zilipoanza kurushwa kutoka kwenye mitambo ya San Marco iliyosimikwa baharini kule Ngomeni. Setilaiti ya kwanza ilipaa kutoka hapo 1967. Kwa hiyo nilipokuja kuishi Italia hakuna aliyeshangaa nyumbani. Niko Genova, upande wa Nervi, namtunza mama mmoja mzee. Mdogo wangu yuko Palermo. Ameolewa huko, anashona nguo, na watoto wake wananiita mama mkubwa. Safari ninazozieleza hapa ndizo hizo, za dada kwenda kwa mdogo wake, na mama mkubwa haendi mikono mitupu.

Umbali wenyewe si mchezo. Genova iko juu kabisa kwenye kona ya bahari, imebanwa na milima mgongoni. Palermo iko pwani ya kaskazini ya Sicilia, na mtu aliye Palermo yuko karibu na Tunis kuliko Roma. Kwa barabara kutoka Genova ni karibu kilomita 1,400, na bado katikati kuna mlango wa bahari wa kuvuka. Kwa meli ni kama kilomita 800, unashuka nayo bahari moja kwa moja hadi mjini.

Ndege niimalize haraka, kwa kuwa hata yenyewe ni ya haraka. Uwanja wa Genova, Cristoforo Colombo, umejengwa juu ya kifusi kilichomwagwa baharini pale Sestri Ponente, kwa hiyo unaruka juu ya maji na unatua juu ya maji. Hadi Palermo ni kama saa moja na nusu hewani. Ukiwahi tiketi mapema, bei yake inaweza kuishinda meli vibaya sana. Siku mdogo wangu alipojifungua kwa upasuaji nilipanda ndege, na ningepanda tena. Msiba, ugonjwa, kesi mahakamani, mtoto anayezaliwa: hapo usijadiliane na nafsi yako.

Ila saa moja na nusu hiyo si safari yote. Kuna kufika uwanjani mapema, kuna foleni ya ukaguzi, kuna kusubiri. Na uwanja wa Palermo hauko Palermo. Uko Punta Raisi, kilomita kama 35 magharibi ya mji, na kutoka hapo unapanda basi au treni. Uwanja huo una majina ya Giovanni Falcone na Paolo Borsellino, mahakimu waliouawa na mafia mwaka 1992. Barabara ya kuingia mjini inapita Capaci, mahali penyewe bomu lilipomuua Falcone, mkewe na walinzi wake watatu tarehe 23 Mei, na nguzo za kumbukumbu zimesimama kando ya barabara. Ukipita hapo kwa mara ya kwanza, mwombe dereva au jirani yako akuonyeshe. Watu wa Palermo hawapiti pale kama wanavyopita mahali pengine.

Tatizo kubwa la ndege ni mizigo. Tiketi ya bei nafuu inakupa begi dogo la kuweka chini ya kiti, na ukiongeza begi la maana, ile bei uliyoifurahia imekwisha. Kuna jambo moja zuri nitawasifia watu wa uwanja wa Genova: tangu 2017 wanaruhusu abiria kupita ukaguzi na pesto kwenye begi la mkononi, hadi gramu 500, ukitoa mchango mdogo kwa ajili ya kusafirisha watoto wagonjwa kwenda hospitali, na chupa inabandikwa alama. Katika viwanja vingi vingine pesto ni kama mafuta, ikizidi mililita 100 inabaki. Nimepita nayo, mdogo wangu akaipata. Lakini pesto ni gramu mia tano. Mimi hubeba mchele wa biriani, viungo, sufuria, kanga za mdogo wangu zilizotoka Malindi, nguo za watoto. Safari moja nilikuwa na cherehani.

Hiyo cherehani ndiyo iliyonifundisha meli. Mama ninayemtunza alikuwa nayo chumbani tangu ujana wake, ya Necchi, ya chuma tupu, bado inashona kama saa. Akasema mpelekee mdogo wako, mimi macho yamekwisha. Ilikuwa nzito kiasi kwamba niliivuta kwa kitoroli hadi kituoni, mtu mwingine akanisaidia ngazi. Kwenye meli hakuna mzani. Unachoweza kukibeba wewe na jamaa zako, kinapanda. Baharia mmoja aliniona nikihangaika na mteremko wa kupandia, akaishika upande mmoja bila kuniuliza ni nini, tukaipandisha.

Sasa meli yenyewe. Njia ya Genova hadi Palermo inaendeshwa na GNV, kampuni iliyoanzishwa Genova 1992 na ambayo leo ni ya kundi la MSC, wale wale ambao makontena yao mnayaona yamepangwa Kilindini. Safari ni kama saa ishirini. Kwa kawaida inang'oa nanga usiku, saa tano hivi, na kesho yake jioni uko Palermo. Ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo tazama tarehe yako, usiisikilize yangu. Meli niliyokwenda nayo na cherehani ni La Suprema, ya urefu wa mita 211, iliyoundwa hapa jirani Marina di Carrara na kuanza kazi 2003. Mtu aliyezoea feri ya Likoni, akiambiwa feri, awaze kitu kingine: hii ni ghorofa juu ya ghorofa, chini malori na magari, juu kebini, mikahawa, sitaha.

Kufika bandarini ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Shuka kituo cha Piazza Principe, chukua metro kituo kimoja tu hadi Dinegro, kisha tembea hadi Terminal Traghetti. Ukiwa na mzigo mzito chukua teksi kutoka Principe, si mbali. Majira ya joto fika mapema mno, kwa sababu bandari hiyo hiyo ndiyo wanayopandia wenye meli za Tunis na Tangier. Mwezi wa Julai na Agosti utaona familia za Wamoroko na Watunisia waliotoka Ufaransa, Torino, hata Ubelgiji, magari yamebeba juu ya paa magodoro, baiskeli, majokofu, vyote vimefunikwa turubai na kukazwa kwa kamba. Watoto wanalala kwenye vivuli vya magari. Kuna wanawake wanapika chai pembeni kwa jiko dogo la gesi. Mimi napapenda pale. Najiona niko kwa watu wanaojua kusafiri ni kumpelekea mtu kitu.

Kwenye tiketi utaulizwa unataka nini: kiti cha ukumbini, kitanda katika kebini ya watu wanne, kebini yako ya ndani, au kebini ya nje yenye dirisha. Hapa nawaomba mnisikilize. Usinunue kiti ili kuokoa euro 20. Saa ishirini ni nyingi kwa mgongo, na usiku ukumbini mwanga hauzimwi wote, watu wanapita, watoto wanalia. Kijana wa miaka ishirini mwenye mfuko wa kulalia atatandika chini na ataamka mzima. Mama mwenye mtoto, au mtu kama mimi anayeinua mgonjwa kila siku kazini, achukue kitanda. Februari nililipa euro 62 kwa kitanda katika kebini ya wanawake. Agosti hiyo hiyo safari ni bei nyingine kabisa, na ukiongeza gari inapanda zaidi. Kebini ina bafu lake, maji ya moto, shuka safi na taulo. Ukipiga hesabu ya usiku mmoja wa hoteli ya bei ya chini Genova, utaona umelala na umesafiri kwa pesa hiyo hiyo.

Kebini ya pamoja pia inakupa watu. Safari ile nililala na bibi mmoja wa Termini Imerese aliyekuwa akirudi kwao kumzika dada yake. Aliletwa Genova akiwa mtoto, baba yake akifuata kazi kaskazini, kama walivyofanya maelfu ya watu wa kusini miaka ya hamsini na sitini walipokuja kwenye viwanda vya Torino, Milano na Genova. Akanieleza kwamba enzi hizo waliitwa majina mabaya, na kuna wenye nyumba waliokataa kuwapangisha watu wa kusini. Alinishika mkono akasema, nyinyi mnayapitia tuliyoyapitia sisi. Halafu akafungua mfuko akanipa machungwa. Kitu kama hicho hakitokei kwenye ndege, hakuna nafasi wala muda wa kutokea.

Chakula beba. Ndani kuna mkahawa wa kujihudumia na baa, utapata tambi, kuku wa kuoka, saladi, kahawa nzuri, lakini familia ya watu wanne wakila milo miwili humo wataisikia mfukoni. Hakuna anayekukataza kula chakula chako. Mimi hufunga mahamri na kuku wa kukaanga, chupa ya chai, na kipande cha farinata, ule mkate mwembamba wa unga wa dengu wa Genova uliookwa kwenye sinia kubwa la shaba. Ukifika Palermo utakuta wanauchemsha unga ule ule wa dengu, wanaukata vipande na kuukaanga, wanaita panelle, wanaweka ndani ya mkate. Mtoto wa Pwani aliyelelewa kwa bajia za dengu hatafadhaika katika bandari yoyote kati ya hizo mbili. Kwa Waislamu wenzangu: nyama ulizia, na ukishindwa kula samaki au mboga. Ukitaka kibla ukiwa safarini kwenda kusini, meli inaelekea kusini na mashariki kidogo, kwa hiyo simama ukitazama omo kisha geuka kushoto kiasi cha theluthi ya robo duara. Thibitisha kwa simu, lakini utakuta ni hapo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti, kwa sababu ya saa. Ukienda, unatoka Genova gizani, unauona mnara wa Lanterna, wa mita 77, ukizungusha mwanga wake, kisha unalala. Ukiamka alfajiri mwezi wa Juni, panda sitahani. Kulia utaona milima ya Corsica, mirefu kuliko ulivyodhani kisiwa kinaweza kuwa na milima, na kushoto mwamba wa Montecristo umesimama peke yake majini, hauna mji. Baada ya hapo ni bahari tupu, saa nyingi. Watu wanaoichukia safari hii wanayachukia masaa hayo. Mimi kazini sipati saa moja ya kukaa bila kuitwa jina, kwa hiyo nayachukua yote. Mwisho wa alasiri, Ustica inatokea, kisiwa cheusi cha volkano, na hiyo ndiyo ishara ya kwenda kufunga mabegi. Mlima Pellegrino unafuata, mita 600 zilizosimama wima pembeni ya bandari, na chini yake mji.

Ukirudi, mambo yamegeuka. Mchana unakukuta kando ya Corsica na Capraia, na alasiri yote uko ndani ya Bahari ya Liguria, ambayo ni sehemu ya hifadhi ya Pelagos. Italia, Ufaransa na Monaco walikubaliana 1999 kuihifadhi kwa ajili ya nyangumi na pomboo. Usilale saa hizo. Kaa upande wenye kivuli, tazama mbali, tafuta mvuke unaoruka juu ya maji. Pomboo nimewaona wakikimbia sambamba na meli, na nyangumi niliona mgongo wake tu, mrefu, ukapinda ukazama. Abiria waliokuwa ndani wanatazama mpira hawakujua.

Na bahari ikichafuka? Itachafuka. Huku hakuna kusi na kaskazi za kupokezana kwa miezi kama kwetu. Upepo hugeuka kwa siku. Unaosumbua njia hii zaidi ni maestrale, unaotoka kaskazini magharibi na kuinua mawimbi kwa ghafla, na libeccio wa kusini magharibi. Meli ni kubwa, haitikisiki ovyo, lakini wakati wa baridi kali mwenye tumbo dhaifu achague kebini ya katikati na ya chini, si ya omoni. Wakati mwingine meli huchelewa kuondoka kwa sababu ya hali ya hewa. Kwa hiyo usipange miadi ya kesho yake asubuhi na mapema.

Kuna jambo lingine kuhusu meli za namna hii, na sitaki kuliruka. Machi 2020, korona ilipoielemea Genova, feri ya GNV iitwayo Splendid ilifungwa gatini hapa ikageuzwa hospitali ya kupokea wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu. Mama ninayemtunza na mimi tulikuwa tumejifungia ndani, tukiiona kwenye televisheni. Mwaka huo huo na uliofuata, serikali ilikodi feri kadhaa kuweka karantini wahamiaji waliookolewa baharini, zikatia nanga nje ya bandari za Sicilia. Wengi walikuwa Waafrika, vijana. Ndani ya sitaha kama hizi hizi ninazotembea nikiwa na tiketi na kebini yenye taulo, wao waliiona Sicilia kwa mbali kwa siku nyingi bila kushuka. Nikisimama sitahani nawakumbuka, na ninawaombea.

Kingine kinachoipa meli ushindi ni mahali inapokushusha. Bandari ya Palermo iko katikati ya mji. Ukitoka getini unavuka Via Crispi, unashika Via Emerico Amari, na dakika chache uko ukumbi wa Politeama. Hakuna kilomita 35. Mdogo wangu na mumewe walinisubiri getini na kitoroli cha sokoni, tukaipakia cherehani, tukaikokota hadi kwao nyuma ya soko la Ballarò. Pale Ballarò utasikia Kisicilia, Kibangla, Kitamil na lugha za Afrika Magharibi katika kichochoro kimoja, na wauza samaki wanapiga kelele za kuimba kiasi kwamba nilihisi niko kwetu siku ya Ijumaa. Waarabu waliitawala Palermo tangu 831 hadi Wanormani walipoichukua 1072, na masoko ya mji yamebaki na mpango ule wa vichochoro na mahema ya kivuli. Mtu wa Pwani anatembea humo bila ramani.

Treni nimeiacha nyuma lakini naipenda kwa jambo moja. Kuna treni ya usiku, Intercity Notte, inayotoka Milano, inapita Genova, inashuka na pwani kupitia Pisa, inaendelea Roma, hadi kwenye kidole cha mguu wa Italia. Hapo Villa San Giovanni, reli inaisha kwenye maji, na treni inapanda meli. Naam, mabehewa yenyewe na watu ndani. Yanakatwa vipande, kichwa kinayasukuma polepole kwenye reli zilizolazwa ndani ya tumbo la meli, yanapangwa kando kwa kando, na meli inavuka mlango wa Messina. Mahali pembamba zaidi ni kilomita tatu tu, kuvuka kwenyewe ni muda mfupi, lakini kukata, kupanga, kushusha na kuunganisha upya kunakula kama saa mbili.

Wakati huo usilale. Shuka kwenye behewa, panda ngazi hadi sitahani. Asubuhi hewa ni ya baridi, maji ya mlango huo yanazunguka kwa mikondo yake, na ukiwa na bahati majira ya joto utaona zile mashua za Messina za kuvulia samaki mwenye upanga: mlingoti mrefu mno, mvuvi amekaa kileleni anatazama maji, na mbele ya mashua daraja jembamba refu kuliko mashua yenyewe, mwenye chusa amesimama mwishoni. Wavuvi wa nduaro wa Malindi wangelipa kuiona. Ukiingia bandari ya Messina, juu ya nguzo kuna sanamu iliyopakwa dhahabu ya Bikira Maria inayoubariki mji, mji uliowahi kuangushwa karibu wote na tetemeko la 1908. Baada ya Messina treni inagawanyika, mabehewa mengine yanakwenda Catania na Siracusa, mengine yanafuata pwani ya kaskazini kwenda Palermo kupitia Milazzo na Cefalù. Hakikisha uko kwenye behewa sahihi, muulize kondakta kabla ya kulala.

Serikali ya Italia inataka kujenga daraja hapo, lenye urefu wa mita 3,300 kati ya nguzo na nguzo. Agosti 2025 mpango uliidhinishwa kwa euro bilioni 13.5, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Ukaguzi wa Hesabu ikakataa kuupitisha. Daraja likijengwa, treni haitakuwa na haja ya meli tena. Kwa hiyo kama una mtoto, mpeleke sasa. Kwa muda wote, treni haiishindi meli ya Genova kwa kasi, ni karibu sawa, na mizigo unaibeba mwenyewe kwenye korido nyembamba. Lakini kwa anayeogopa bahari kuu, au anayetokea Pisa au La Spezia, ni chaguo la heshima.

Gari la kuendesha mwenyewe sipendekezi kwa mtu mmoja. Kutoka Salerno hadi Villa San Giovanni barabara kuu ya A2 haitozwi ushuru, lakini kabla ya kufika hapo utalipa ushuru, na safari yote mafuta, feri ya Messina, na usingizi. Mkiwa watu wanne na gari limejaa, panda nalo meli Genova ushuke nalo Palermo.

Kwa walio mashariki ya Liguria, La Spezia na Sarzana, msiende Genova kwa mazoea. Livorno iko karibu nanyi, na Grimaldi wana meli ya Livorno hadi Palermo. Linganisheni bei za siku moja kabla ya kuamua. Napoli nayo ina meli za usiku kwenda Palermo, unalala unaamka umefika. Kama una jamaa Napoli wa kupitia, gawanya safari: treni ya mchana, ukae kwa watu, kisha meli.

Kuhusu karatasi: safari ni ya ndani ya nchi, lakini jina kwenye tiketi liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na majina yetu matatu matatu huwachanganya. Beba pasipoti na permesso, yaani kibali cha kuishi Italia, si picha yake kwenye simu. Ukiwa na mtoto wa ndugu yako, beba barua ya mzazi. Simu yako ichaji na upakue mnavyotaka kutazama kabla ya kuondoka, maana katikati ya bahari mtandao unakatika kwa saa nyingi. Weka sweta hata Agosti, sitahani usiku ni baridi. Mlangoni mwa sehemu ya magari panafungwa baada ya meli kuondoka, kwa hiyo chochote unachokihitaji usiku, dawa, maziwa ya mtoto, nepi, panda nacho mkononi.

Na kwa Agosti, kata tiketi mwezi wa nne. Kebini za nje ndizo huisha kwanza, kisha vitanda vya wanawake. Ukichelewa vikaisha, tazama Livorno kabla hujakubali kiti.